Nani Aseme Hapana Mlangoni pa Chumba cha Eksirei

Kwa miongo mingi mgonjwa aliyelazwa juu ya meza ya eksirei alijua kwamba analindwa pale alipotandaziwa kinga ya risasi: kile kipande kizito cha mpira wenye madini ya risasi, kinachowekwa juu ya nyonga au tumbo kabla radiografa hajarudi nyuma ya ukuta wake kubonyeza swichi. Mwezi wa Aprili 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kikatamka kwamba desturi ya kufunika viungo vya uzazi na mimba wakati wa kupiga picha iachwe. Mwaka uliofuata Waingereza nao wakatoa mwongozo unaoelekea huko huko. Swali la mzazi linakuja lenyewe: mbona mfanyakazi anaendelea kuvaa aproni yake, na mwanangu avuliwe ya kwake?

Sababu ni za kifundi. Sehemu kubwa ya mionzi inayofika kwenye viungo vilivyo nje ya eneo la picha hutawanyikia humo humo mwilini, na kinga iliyolala juu ya ngozi haina la kuifanya. Mashine za siku hizi zina kihisi kinachopima mionzi iliyopenya na kuamua mwale ukatwe lini. Risasi ikikifunika kihisi, mashine humwona mgonjwa kama mtu mnene na kuongeza mionzi. Kinga ikisogea kidogo huficha mfupa unaotafutwa, picha inarudiwa, na mtoto anapata dozi mara mbili kwa jina la kulindwa. Tena, Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilikwisha kupunguza uzito wa viungo vya uzazi katika hesabu zake za hatari, kutoka 0.20 mwaka 1990 hadi 0.08 mwaka 2007, kwa kuwa miaka mingi ya kuwafuatilia watoto wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki haikuonyesha yale madhara ya kurithi yaliyohofiwa. Mfanyakazi yeye anavaa aproni kwa sababu hapigwi picha, ila anashinda na mashine kutwa, mwaka baada ya mwaka.

Risasi ikishaondolewa, inabaki kuuliza mgonjwa analindwa na nani. Kila nchi imelijibu swali hilo kwa namna yake, mara nyingi bila kukusudia, na majibu hayo yana thamani zaidi kwetu leo kuliko yalivyokuwa zamani, kwa sababu mashine zimeanza kutufikia.

Tujue kwanza tunazungumzia kiasi gani. Kila mwanadamu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na katika chakula, kwa wastani wa dunia kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Wapo wanaopata zaidi. Kilima cha Mrima kule Kwale kinajulikana kwa wataalamu kwa sababu ya madini yake ya thoriamu. Eksirei moja ya kifua huongeza sehemu ndogo tu ya milisiverti, sawa na siku chache za mionzi ya asili. Siti skani (CT) ya kichwa ni kama milisiverti 2, na ya tumbo hufika 8 au 10, yaani miaka minne ya asili kwa dakika chache. Kwa mtu mmoja hatari hiyo ni ndogo, na mgonjwa aliyeanguka na bodaboda akapoteza fahamu asiogope hata kidogo: damu inayovujia ndani ya fuvu inaweza kumuua usiku huo huo. Kuhusu dozi ndogo kabisa wanasayansi wenyewe hawajakubaliana. Tume ya Kimataifa huchukulia kwamba hatari hupungua sambamba na dozi bila kufika sifuri. Mwaka 2005 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliitilia shaka hesabu hiyo. Lakini kwa watoto ushahidi umezidi kukaza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba, katika kila watoto 10,000 wa chini ya miaka kumi wanaopigwa siti skani ya kichwa, mmoja wa ziada atapata saratani ya damu na mmoja uvimbe wa ubongo ndani ya miaka kumi. Uchambuzi wa mwaka 2023, uliohusisha karibu watu milioni moja kutoka nchi tisa za Ulaya, ulielekea upande huo huo kwa saratani za damu.

Marekani imeweka imani yake katika namba. Ni nchi ambayo daktari hulipwa kwa kila kipimo, huogopa kushtakiwa kwa kipimo asichoagiza, na pengine mashine ni mali yake. Siti skani zikawa nyingi mno: makadirio ya mwaka 2023 ni kama milioni 93 kwa mwaka. Kumzuia daktari asiagize ni vigumu katika mfumo huo, kwa hiyo nguvu zikaelekezwa kwenye mashine: mwale upunguzwe, mipangilio ya watoto itenganishwe na ya watu wazima, dozi iandikwe. Kampeni ya mwaka 2008 ya kuwatetea watoto ilifanya kazi kubwa hapa. Kabla yake, hospitali nyingi zilimpiga mtoto wa miaka mitatu kwa mpangilio wa mtu wa kilo 80, kwa sababu tu hakuna aliyegusa kitufe.

Imani hiyo katika namba ilipata jeraha huko Los Angeles. Kuanzia Februari 2008 hadi Agosti 2009, wagonjwa 206 waliofikishwa hospitali ya Cedars-Sinai kwa shaka ya kiharusi walipigwa siti skani ya mtiririko wa damu ya ubongo kwa dozi mara nane ya iliyokusudiwa. Mpangilio wa mashine ulikuwa umebadilishwa. Namba ilikuwa inaonekana kwenye skrini kila siku, mbele ya watu wenye elimu ya kutosha kuielewa, na ikapita miezi 18. Kilichofichua kosa ni mgonjwa mmoja aliyesema nywele zake zinanyonyoka. California ikajibu kwa sheria: tangu Julai 2012 dozi ya siti skani lazima iandikwe katika ripoti ya mgonjwa. Ni sheria njema, nami ningependa kuiona kwetu, lakini ni namba nyingine tena. Utafiti wa San Francisco wa mwaka 2009 ulikuwa umeonyesha kwamba kipimo kile kile, katika hospitali nne za eneo moja, kilitofautiana kwa wastani mara 13 kati ya dozi ya chini na ya juu. Kuandika hakumpunguzii mtu dozi mpaka awepo wa kusoma na kuuliza.

Waingereza waliuliza mapema. Katikati ya miaka ya 1980 walipima dozi za kawaida katika hospitali zao na kukuta tofauti za kutisha kwa picha ile ile ya kifua au kiuno. Dawa waliyobuni ilikuwa rahisi: panga hospitali zote kuanzia ya dozi ndogo hadi kubwa, chora mstari pale penye robo tatu, kisha iulize kila hospitali iliyo juu ya mstari sababu yake. Hakuna aliyeadhibiwa. Kufikia mwaka 2000 mstari wenyewe ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Leo dunia nzima inaiga njia hii.

Ila mchango mkubwa wa Waingereza, kwa maoni yangu, uko katika sheria yao ya mwaka 2000, iliyoandikwa upya 2017, inayogawa kazi kwa watu watatu: anayeomba picha, anayeidhinisha na anayepiga. Daktari wa wodini anaomba. Hana mamlaka ya kuamuru. Mwenye kuidhinisha ni lazima aone kwamba faida inazidi madhara, na fomu isiyoeleza ugonjwa hurudishwa ilikotoka. Tangu mwaka 1989 chuo chao cha wanaradiolojia kimekuwa kikitoa kitabu cha mwongozo: maumivu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, usipige, kikohozi cha siku tatu kwa kijana mzima, usipige. Hapo neno hapana limepewa mwenyewe, na mwenyewe ana sheria nyuma yake.

Nyuma ya utaratibu huo yupo pia daktari Alice Stewart wa Oxford, ambaye katikati ya miaka ya 1950 aliwauliza akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani mambo yote waliyokumbuka ya ujauzito wao. Katika majibu, eksirei ya tumbo wakati wa mimba ilijitokeza mara nyingi kuliko kwa akina mama ambao watoto wao walikuwa wazima. Alichapisha mwaka 1956, kisha kwa kirefu mwaka 1958, akapingwa kwa karibu miongo miwili na wanaume waliojua fizikia kuliko yeye. Lile tangazo la mlangoni linalomtaka mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha, lina deni kwa wale akina mama na dodoso lake.

Tusiwasifu Waingereza kupita kiasi. Kwa idadi ya watu wake, Uingereza ina mashine chache za siti skani kuliko nchi nyingi tajiri, na foleni ni mlinzi asiyetajwa katika sheria yoyote. Tena nchi hiyo hiyo humdai Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita cheti cha kifua kikuu, ambacho kwa kawaida huanza na eksirei ya kifua. Nchi za Ghuba nazo humpima kifua mfanyakazi wa ndani kabla hajapanda ndege. Dozi ni ndogo na kifua kikuu ni ugonjwa wa kweli. Lakini katika picha hii mwenye kufaidika na mwenye kupigwa si mtu mmoja, na binti anayejaribu mawakala wawili watatu hupigwa upya kila anapoanza safari ya makaratasi.

Japani ndiyo inayonishangaza. Hesabu za hatari ya mionzi zinazotumika Dodoma, Nairobi, London na Boston zimejengwa juu ya miili ya watu wake: manusura wa Hiroshima na Nagasaki wamefuatiliwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, maisha yao yote, saratani moja baada ya nyingine. Mtu angetarajia nchi hiyo iwe na woga kuliko zote. Kumbe ndiyo yenye mashine nyingi za siti skani kwa kila watu milioni, zaidi ya 100, zikiwa hata katika zahanati za mitaani. Mwajiri hulazimika kisheria kuwapima wafanyakazi afya kila mwaka, na eksirei ya kifua imo; saratani ya tumbo, ambayo imewasumbua kwa muda mrefu, ilitafutwa kwa kunywesha watu bariamu na kuwapiga picha mfululizo, hadi mwongozo wa mwaka 2016 ulipoikubali endoskopia pia. Mwaka 2004 jarida la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba asilimia 3.2 ya saratani za Japani zingeweza kutokana na picha za uchunguzi, dhidi ya 0.6 ya Uingereza. Habari hiyo ilitikisa magazeti ya huko.

Nadhani kitendawili hiki kina jibu. Kwa Mjapani bomu na kipimo havikuwahi kuwa kitu kimoja: bomu lilitoka kwa adui, kipimo kinatoka kwa daktari wangu, kwa kampuni yangu, kwa serikali inayotaka niishi. Uangalizi ukiwa ni wema, mpimwaji hapati nafasi ya kuukataa. Na ni kweli kwamba anayepatwa na kiharusi huko hupata siti skani upesi kuliko sehemu nyingi duniani; wingi huo una waliookolewa. Mwaka 2015 wataalamu walitoa viwango vyao vya rejea, mfano wa ule mstari wa Waingereza, na tangu Aprili 2020 kila hospitali yenye mashine hizi hutakiwa kuwa na msimamizi wa usalama wa mionzi, mafunzo na kumbukumbu za dozi. Mlinzi wao ni daftari. Idadi ya mashine haijaguswa.

Tuje kwetu. Afrika Mashariki ililindwa na uhaba. Kwa muda mrefu siti skani ilikuwa Muhimbili, Kenyatta, Mulago na hospitali chache za rufaa. Mtu wa Sumbawanga hakuwa na hatari ya kupigwa picha kupita kiasi, alikuwa na hatari ya kufa bila picha. Na palipokuwa na eksirei, tatizo letu lilikuwa tofauti na la Marekani. Utafiti ulioongozwa na Muhogora wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha nchi 12 za Afrika, Asia na Ulaya Mashariki, ulikuta kwamba dozi za picha moja moja mara nyingi hazikuzidi viwango vya kimataifa. Ubora ndio ulioporomoka: katika baadhi ya sehemu picha zilizokuwa mbovu zilifika asilimia 53. Picha mbovu hurudiwa, na ikirudiwa dozi inaongezeka bila mashine yoyote kuonekana na kosa. Baada ya kurekebisha dawa za kusafishia filamu, vipimo vya mwale na mafunzo, dozi zilipungua, sehemu nyingine kwa asilimia chache na nyingine hadi 85. Hapakuhitajika mashine mpya. Takwimu hizi naona hazijapata heshima zinayostahili katika mazungumzo yetu, pengine kwa sababu hakuna utepe wa kukata pale dawa ya filamu inapobadilishwa.

Utepe sasa unakatwa kwingi. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa vya tiba kwa kaunti zote 47. Tanzania, kwa mkopo wa kupambana na UVIKO-19 wa mwaka 2021, ilinunua siti skani kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni habari njema, na asije mtu akaitumia makala hii kuipinga. Lakini mlinzi wetu wa zamani, yaani uhaba, anaondoka, na kwenye kiti chake hajakaa mtu. Sheria tunazo: Tanzania ina Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, Kenya ina ile ya mwaka 2019 iliyounda mamlaka ya udhibiti wa nyuklia. Wakaguzi hupima kuta, hukagua mashine, hutoa leseni. Mfanyakazi wa chumba cha mionzi huvaa kibeji cha kupima dozi, na kibeji hicho husomwa kwa zamu na kuwekewa kumbukumbu. Mgonjwa hana kibeji. Ana bahasha.

Bahasha hiyo ya kaki, au siku hizi sahani ya CD, ndiyo kumbukumbu yetu ya taifa ya mionzi kwa wagonjwa. Inakaa juu ya kabati, inalowa mvua ya masika, inasahaulika kwa shangazi. Mgonjwa anapewa rufaa kutoka mkoani, anafika na picha za wiki iliyopita, anaambiwa: "Hizi hatuzitumii, kapige upya hapa." Wakati mwingine sababu ni ya haki, filamu haisomeki au ugonjwa umesonga. Wakati mwingine CD haifunguki. Na wakati mwingine mashine mpya inadaiwa marejesho. Upande wa pili wa meza kuna mgonjwa mwenyewe, ambaye ameuza mbuzi afike na anataka aone amepimwa. "Daktari, nipige ile CT nijue moja." Daktari akisema si lazima, anaonekana hajui kazi au anabania bima. Hapa Mmarekani, Mjapani na mtu wa Mbagala wanafanana kabisa: kipimo kikubwa ni ishara ya kujaliwa.

Mfano mmoja unanisumbua kuliko mingine yote. Mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa huwekewa mpira wa kutoa maji kichwani, na mpira huo huziba, huambukizwa, hubadilishwa. Kila anapotapika au kulegea, linalofuata ni siti skani ya kichwa. Kabla utosi haujafunga, ultrasaundi inayopitishwa utosini huonyesha vyema ukubwa wa vyumba vya maji, bila mionzi yoyote, kwa mashine ambayo hata vituo vya afya vinayo kwa ajili ya wajawazito. Inataka tu mtu aliyefundishwa kuushika mkono wa mashine pale. Baada ya utosi kufunga, siti skani ya kuangalia maji tu inaweza kupigwa kwa dozi ndogo sana kuliko ya kutafuta uvimbe; picha itakuwa na chengachenga, lakini maji yataonekana. Marekani ingetatua hili kwa mpangilio wa mashine, Japani kwa daftari. Yote mawili tuyachukue. Lakini radiografa wa zamu ya usiku katika hospitali ya mkoa, aliyepokea fomu iliyoandikwa "CT ubongo" bila neno jingine, anahitaji kwanza kile walichopewa wenzake wa Uingereza: ruhusa ya kuuliza.

Kwa sasa hana. Fomu imesainiwa na daktari, pengine bingwa, na yeye ni "mtu wa eksirei". Akiirudisha, kesho ataitwa ofisini aeleze kwa nini amechelewesha mgonjwa. Katika mpangilio wa vyeo vya hospitali zetu, kumuuliza mkubwa swali la kitaalamu huchukuliwa kama utovu wa adabu, na hakuna kampeni ya kimataifa itakayoligusa hilo. Hata ile ya wanaradiolojia wa Afrika iliyoanza mwaka 2015 inawaomba watu waahidi kuwa salama, wakati anayeahidi hana uwezo wa kukataa. Ndiyo maana naona tumekopa vibaya tunapoanza na programu za kukusanya dozi. Zinunuliwe, lakini zije baada ya karatasi moja yenye saini ya Mganga Mfawidhi, ibandikwe mlangoni pa chumba cha picha, yenye mambo haya: fomu isiyo na maelezo ya ugonjwa hairuhusiwi kupita, mgonjwa aulizwe alipigwa picha gani, lini na wapi, na bahasha yake ifunguliwe kabla ya mashine kuwashwa, na mtaalamu wa mionzi anayerudisha fomu kwa sababu iliyoandikwa asihojiwe na mtu mwingine isipokuwa bingwa wa radiolojia, ana kwa ana au kwa simu. Gharama yake ni wino, pamoja na ubishi utakaozuka wiki ya kwanza, ambao Mganga Mfawidhi itabidi auvumilie.